Kifua kikuu hakikai kifuani tu

Ndugu Mhariri,

Jina ndilo lililotuponza. Sisi wa Kibirizi tukisikia kifua kikuu tunamtafuta mtu anayekohoa na kukonda. Mwanangu wa miaka tisa hakuwa akikohoa. Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoka usaha, kila asubuhi foronya ina doa la rangi ya chai, naye halalamiki maumivu hata kidogo. Kumbe huko kutouma ndiko kulipaswa kutushtua.

Miezi saba tulizunguka na dawa za matone. Duka la dawa, zahanati, duka la dawa tena. Bibi yake akatia mawese ya uvuguvugu. Simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Kila tulipokwenda tuliulizwa yaleyale: anakohoa? Ana homa? Anatoka jasho usiku? Amekonda? Hapana. Basi chukua matone mengine. Hakuna aliyewasha tochi akachungulia. Wakati huo nikimwita nikiwa kushoto kwake hageuki, nikadhani kiburi, hata nikamchapa. Hilo bado linaniuma.

Siku moja anakunywa chai, ikamchuruzika pembeni mwa mdomo. Uso umekwenda upande. Majirani wakasema kapigwa na upepo mbaya. Nikapanda naye bodaboda mpaka hospitali. Huko daktari wa masikio akakuta ngoma ya sikio ina matundu matatu, na nyuma yake vinyama vyeupevyeupe. Akanieleza kwamba vijidudu vya TB huweza kufika sikio la kati kwa njia ya damu, au kwa mrija unaotokea nyuma ya pua, vikala mfupa na kuumiza mshipa wa fahamu wa uso.

Usaha ulipopimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vijidudu vya TB, haukuonyesha kitu. Daktari hakuridhika. Alisema vijidudu vya sikioni mara nyingi ni vichache, na matone yenye dawa kama ciprofloxacin yanaweza kuvificha. Akakata kipande cha kile kinyama, kikapelekwa maabara, ndipo TB ikaonekana.

Dawa zilikuwa za bure, zilezile za kifua: miezi miwili dawa nne, kisha miezi minne dawa mbili. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa, mtoto akalia akidhani ni damu. Sasa uso umerudi na usaha umekauka. Sikio lenyewe halikurudi kusikia. Darasani anakaa dawati la mbele, ukutani upande wa kushoto, ili lile zima limwelekee mwalimu.

Naomba wahudumu wetu waongeze swali moja kwenye yale ya mlangoni: sikio linatoka usaha tangu lini? Na matone yakishindwa mara ya pili, msitupe ya tatu. Chungulieni, kisha mtupe rufaa.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma