Kabla hujamjibu mteja wako

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na hongera tena. Barua yako niliisoma jana usiku baada ya nyumba kutulia, na leo asubuhi nikairudia. Nimefurahi mno kusikia kwamba kichanga ananyonya vizuri na wewe mwenyewe umeanza kupata nguvu. Kisha nikafika pale ulipouliza kama mtu anayeuliza jambo dogo: mteja wako wa siku nyingi anataka kurasa 180 zihaririwe kabla ya mwaka mpya, je, ukubali? Ukaongeza, "Mtoto mwenyewe mchana kutwa analala tu."

Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka jana, tena kwa nia njema kabisa, na ndiyo yaliyoniponza. Kwa hiyo nivumilie, barua itakuwa ndefu.

Wa kwangu alizaliwa mwishoni mwa Oktoba. Nilikuwa nimeshakubali kazi mbili, moja ya kutafsiri na nyingine ya kuhariri, zote za kukabidhi kabla watu hawajafunga ofisi kwa ajili ya sikukuu. Nilipiga hesabu hivi: kichanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, mimi nikilala saba, zinabaki saba za kazi, na zaidi ya hapo sihitaji. Usingizi wa mtoto kweli ni mwingi, lakini huja vipande vipande. Dakika arobaini hapa, saa moja na nusu pale, na huwezi kujua kipande ulichonacho ni kirefu au kifupi mpaka kiishe. Mara ngapi nilifungua kompyuta, nikatafuta nilipoishia, nikasoma aya mbili ili nirudi kwenye sauti ya mwandishi, na kabla sijagusa neno akaamka! Wewe unajua kuhariri kulivyo. Si kazi ya kuokota dakika kumi kumi.

Na kunyonyesha sikukuweka kwenye hesabu kabisa. Watoto wa umri huu hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Chukua mara kumi, kila mara nusu saa ukijumlisha kumcheulisha na kumbadilisha nepi: saa tano zimekwenda na uso hujanawa. Jioni ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa akinyonya, anaacha, analia, anataka tena, kuanzia jua linapozama mpaka usiku umeingia. Nilidhani maziwa yamenipungua. Nikadhani labda nimemkosea kwa kukaa na kompyuta huku nimembeba. Muuguzi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kilio cha vichanga huongezeka wiki hadi wiki, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha huanza kupungua chenyewe. Ningelijua mapema, nisingelia? Ningelia, ila kidogo tu, na nisingejilaumu. Sasa wewe chukua kalenda uhesabu. Wiki ya sita ya mwanao inaangukia siku zile zile ambazo mteja atakuwa akisubiri kurasa zake za mwisho.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Ilikuwa saa nane, siku mbili kabla ya kukabidhi. Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu, kichwa chini ya kidevu changu, na kila nilipojaribu kumlaza kwenye kitanda chake alikunja miguu na kuanza kulia. Nikaketi kwenye kiti, mkono wa kushoto umeshika mgongo wake, wa kulia unapiga herufi moja moja. Mwanga wa skrini niliupunguza mpaka maneno yalikuwa karibu hayaonekani. Nilikuwa nimekwama kwenye sentensi moja yenye mkato. Nikiuondoa inapoteza pumzi, nikiuacha inabadilisha maana. Niliitazama kwa muda mrefu sana. Shati langu lilikuwa limelowa maziwa upande mmoja na limeanza kuwa baridi. Kisha nikashtuka: kichwa kilikuwa kimeniangukia mbele na mikono imelegea, mtoto ameteleza hadi kwenye pajani. Hakuumia, hata hakuamka. Lakini mimi nilitetemeka mpaka asubuhi. Kusinzia na mtoto kitini ni hatari kuliko tunavyodhani, anaweza kubanwa akakosa pumzi, nami nilikuwa nikilijua hilo vizuri. Nilizima kompyuta, nikamlaza chali kitandani kwake, nikakaa sakafuni kando yake huku akilia, nimemwekea mkono tumboni, mpaka akatulia.

Kesho yake nikatuma faili. Siyo lile la mwisho; nilituma la wiki mbili nyuma. Mteja alinijibu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kama angefoka.

Nakwambia haya ujue kwamba wewe si mvivu ukikataa, na si mlafi ukikubali. Najua kwa nini unataka kukubali, kwa sababu nami nilikuwa na sababu hizo hizo. Ya kwanza ni fedha. Mwajiriwa ana likizo ya uzazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka isipungue wiki 14. Lakini sisi tunaojitegemea, mara nyingi usipofanya kazi hulipwi, basi. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, lakini anayetuambia hayo haulizi kodi ya nyumba italipwa na nani katika miezi hiyo. Sababu ya pili ni hofu ya kusahauliwa. Mteja akimpata mwingine Desemba, Januari atanikumbuka? Ya tatu sikuwahi kumwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza. Nilitamani kuwa mimi tena. Kutwa nzima nilikuwa mama wa fulani, kila anayeingia anauliza mtoto amelalaje, na pale kwenye kompyuta kulikuwa na sentensi ambayo mimi peke yangu ningeweza kuinyoosha. Hamu hiyo ni halali, rafiki yangu. Mimi niliificha kana kwamba ni kosa.

Ubaya ni kwamba Desemba haifanani na miezi mingine. Wateja wote wanataka vitu viishe kabla hawajaondoka, wengine wana bajeti ya mwaka wanayotaka kuimaliza. Ukiwa na swali, aliyetakiwa kukujibu ameshasafiri. Nyumbani nako wageni wanaingia kwa furaha ya sikukuu na ya mtoto mpya kwa pamoja, na kila mmoja anataka kumshika. Mimi nilikuwa nikiwapa mtoto ili nikimbilie kazi, baada ya dakika tano ananiita kwa kilio, narudi. Baadaye nilijifunza kugeuza. Mgeni anawe mikono, amwone mtoto, asimbusu usoni, akiwa na mafua aje siku nyingine, kisha akiniuliza "nikusaidie nini?" namjibu bila kuona haya: vyombo, nguo za mtoto, kufagia. Mtoto nabaki naye mimi. Wengine walishangaa. Waliokuwa na watoto wao hawakushangaa hata kidogo.

Jambo moja lililoniokoa lilikuwa la baba yake. Tulikubaliana kwamba kila siku kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu asubuhi mtoto ni wake, sikukuu au si sikukuu. Anamchukua akishanyonya, wanatoka chumbani kabisa, mlango unafungwa. Kukitokea haja, kuna maziwa niliyoyakamua; nje ya friji, pasipo na joto kali, yanakaa hadi saa nne bila kuharibika, na ndani ya friji hadi siku nne. Siku za mwanzo nilikuwa nikisikia kila sauti na kusimama. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nafanya katika saa hizo mbili na nusu kazi niliyokuwa siimalizi kutwa nzima. Kwa hiyo ukiniuliza una muda gani wa kazi, sitahesabu usingizi wa mtoto. Nitakuuliza: ni saa ngapi kwa siku mtu mwingine, mzima na aliyelala, amekubali kumshika? Hizo ndizo saa zako. Akilala nje ya hizo, lala nawe.

Nimesahau ankara, nalo ni la muhimu. Mimi niliituma tarehe 23 Desemba. Ofisi ilikuwa imefungwa, aliporudi mhasibu ikahesabiwa ni ya Januari, na siku zao 30 zikaanza hapo. Nililipwa Februari. Ikiwa kuna mtu anakudai au unamdai, maliza mambo hayo kabla ya katikati ya mwezi.

Na homa: mtoto wa chini ya miezi mitatu akifikisha nyuzi 38, usisubiri kumaliza ukurasa, usisubiri sikukuu ipite. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kipimajoto kiwe karibu na kitanda chako.

Sasa jibu langu. Kurasa 180 kabla ya mwaka mpya usikubali. Mwandikie mteja ukweli, kwa ufupi: una kichanga, unaipenda kazi yake, unaweza kumpa kurasa 50 za kwanza kabla ya sikukuu na zilizobaki mwishoni mwa Januari, nusu ya malipo itangulie. Usiombe radhi kwa kuzaa. Mimi nilipomwandikia hivyo yule mteja wangu wa pili, baada ya kujibanabana kwa siku nne, alinijibu ndani ya dakika kumi kwamba Januari inamfaa, kwani hata wao walikuwa hawatazisoma kurasa hizo kabla ya kurudi kazini. Siku nne za tumbo kuniuma, na tarehe yenyewe haikuwa na uzito wowote.

Akikataa kusogeza, mwambie yupo mwenzako mtakayegawana. Mwaka huu nimeacha wazi wiki mbili za mwisho za Desemba. Wa kwangu sasa anasimama kwa kushika viti na usiku anaamka mara moja tu. Kurasa 130 naziweza. Utazipitia mwisho wewe ili sauti iwe moja, na jina kwenye kazi libaki lako; hiyo sibishani nayo.

Nitumie sura ya kwanza leo hata kama hujamjibu, niione lugha yake. Na uniambie ni nani kwenu wa saa kumi na mbili asubuhi.

Mbusu mtoto kwenye unyayo kwa niaba yangu.

Wako akupendaye