Baridi ya Lushoto si ya bure

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu alipanda huku kwetu Lushoto mwezi uliopita, na Jumapili mkachapa makala yake. Mpwa wangu alinisomea, kisha nikaisoma mwenyewe mara mbili. Mambo ya Irente, pale gengeni wageni wanaposimama kutazama tambarare, na maporomoko ya Soni kayaeleza vizuri, sina neno. Ila kuna mahali kaandika kwamba huku baridi ni ya bure na maisha ni rahisi. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya gesti za mji huu tangu 1993, na huenda hata shuka alilolalia huyo ndugu nililianua mimi. Naomba nafasi nimjibu kwa adabu.

Nianze na hiyo baridi. Nilipoingia kazini kila kitanda kilikuwa na mablanketi matatu, na kipupwe kikifika wageni kutoka Dar es Salaam walitoka usiku kuja mapokezi kuomba la nne. Shuka nililoanika Jumatatu, ukungu ukishateremka kutoka msitu wa Magamba ulio juu yetu, lilikaa kambani hadi Alhamisi. Likishaanza kunuka uvundo nalisuuza upya, halafu nalimalizia kwa pasi ya mkaa. Gesti ya vyumba 8 ilibidi iwe na seti nne za mashuka kwa kila kitanda, la sivyo mgeni angelala kwenye unyevu. Siku hizi blanketi ni moja, la pili limekunjwa kabatini kama mapambo. Shuka la asubuhi naanua jioni, hata Julai. Chandarua cha kwanza nilikifua 2005. Kabla ya hapo mbu alikuwa mambo ya Mombo, kule chini mlima unapoanzia. Na mwaka jana mgeni mmoja aliulizia feni. Jikoni tulicheka sana, ila mwenye gesti hakucheka. Alikwenda dukani kuuliza bei.

Nikiri kwamba joto hili limenipunguzia kazi. Vidole vyangu vinalijua hilo kuliko mtu yeyote. Zamani Julai nilikuwa nasuuza huku nimeng'ata meno. Kwa hiyo mtu asidhani nalilia blanketi la nne. Ninalolilia ni maji, nami nitayafikia.

Kwanza historia, kwa sababu mwandishi wenu anasema mji huu ulianzishwa na Wajerumani kwa ajili ya kupumzika. Ngoja. Ni kweli waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Ni kweli pia walikuwa wanakimbia joto na homa za pwani. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo 1905, na kutoka pale walipanda kona hizi hizi za kilomita 33 zinazowatapisha watoto kwenye basi mpaka leo. Waingereza walipowatoa, jina la Lushoto likarudi, lakini starehe ikaendelea: gavana naye alikuwa na nyumba yake huku ya kukimbilia jua la Dar es Salaam. Sisi Wasambaa tulikuwa na hesabu yetu kabla ya bendera zote hizo. Nchi ni mbili. Kuna Shambaai, huku juu kwenye migomba na ubaridi, na kuna nyika, kule chini kwenye joto na maradhi. Mtu aliteremka nyika kwa shida zake, akimaliza anapanda nyumbani apate nafuu. Wageni waliikuta hewa ina wenyewe.

Tena ilikuwa na wa kuulizwa. Wafalme wa Kikilindi, ukoo uliotutawala Wasambaa kutoka mji wao wa Vuga, walidaiwa mvua na watu wao. Mfalme akitulia na nchi ikastawi, wazee walisema anazifya shi, yaani anaiponya nchi. Wakubwa wakigombana na njaa ikaingia, hiyo ni kubana shi, kuiharibu. Vuli ikigoma, mlango wa kubisha ulijulikana. Siku hizi vuli inakuja siku tatu kwa hasira, inashusha mawe na tope barabara ya Soni, halafu inaondoka, na sijui nikabishe wapi.

Mama yangu alikuwa binti wa Mlalo. Pale ndipo Waingereza walipoanzisha mpango wao wa kuokoa udongo 1946: kila mtu alime matuta shambani, na asiyelima atozwe faini. Kazi ikawaangukia wanawake, maana jembe lilikuwa lao. Mama alikuwa akituonyesha kwa mkono jinsi tuta lilivyotakiwa kufika karibu na goti, anasimama hapo uani, anainama, anainuka, anashika kiuno. Anasema amri ilipokufa waliyabomoa yale matuta kwa nyimbo. Baadaye, 1981, ukaja mradi wa serikali yetu na Wajerumani, safari hii wa kupanda miti na majani ya Guatemala kukinga mteremko. Mama akayapanda mistari mitatu bila kusukumwa na mtu. Ng'ombe wake wa ndani aliyapenda yale majani, basi, ikatosha. Mistari miwili ipo mpaka leo, nenda kaione.

Sasa maisha rahisi. Nalipwa shilingi 500 kwa shuka na 150 kwa foronya, sabuni juu yangu. Chumba alicholala mwandishi wenu, kama ni kile ninachokidhani, ni 40,000 na chai ya asubuhi. Kwa hesabu yangu hayo ni mashuka 80. Sisemi ni ghali, mjini kwao huenda ni bei ya chakula cha jioni. Nasema tu hesabu zetu hazifanani.

Nilikuwa nimepanga chumba karibu na soko kwa miaka 11. Desemba mwenye nyumba akaniita, akanikaribisha chai (hapo nikajua kuna jambo), akaniambia vyumba vya uani anavitia vigae avifanye vya wageni. Akanipa wiki mbili. Simlaumu sana, kila mtu anaangalia pa kupatia ada za watoto. Sasa nakaa juu mlimani, dakika 50 kwa miguu, na nikichelewa napanda bodaboda, ambayo inakula mashuka manne kabla sijafua hata moja.

Kaka yangu analima kabichi upande wa Lukozi. Zinateremka kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba cha nyavu juu mpaka watu wawili hawalibebi, na dalali bado analiita gunia moja. Halafu Krismasi ikifika watu wa Dar es Salaam wanapanda kuzifuata kabichi zilikotoka, na soko letu linageuka. Muuzaji anakuangalia miguuni ndipo ataje bei. Mimi nimevaa kandambili, lakini nimesimama nyuma ya raba nyeupe, basi nami natajiwa bei ya raba.

Na sasa maji. Zamani nilifulia kijitoni, hatua mia moja chini ya gesti. Kulikuwa na jiwe bapa, tulilikalia madobi watatu na maji yakatupita juu ya vifundo. Januari na Februari hizi za karibuni jiwe limekaa nje, juu yake kuna mjusi. Nafulia bomba, na bomba lina zamu. Siku isiyo zamu nanunua maji kwa ndoo. Mnaweza kusema misitu imekwisha. Haijaisha. Magamba bado ipo na inalindwa, na ndiyo inayotunywesha. Shida iko kati ya Magamba na bomba langu. Wakulima wamelima mpaka ukingoni mwa kijito kwa sababu kabichi ya kiangazi inataka kumwagiliwa, na vyumba vya wageni vimeongezeka, kila kimoja na bafu lake. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji mtu asifanye shughuli. Kaka yangu analima mita 15. Nilipomwambia aliniuliza, "Dada, hizo 45 nyingine nani atanilipa?" Sikuwa na jibu, na nimetafuta.

Jibu nililolipata baadaye ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wageni wanalipia baridi, na baridi hiyo inatoka kwenye msitu na kwenye miteremko ya watu kama kaka yangu. Gesti zinalipa ushuru wa nyumba za wageni. Sitaki tozo mpya, Mungu apishe mbali, zilizopo zinatutosha. Nataka sehemu ya ushuru huo huo ipande juu ya kijito: imlipe mkulima aliyeziacha zile mita 60, imnunulie miche ya kuotesha hapo na majani ya ng'ombe, kama yale ya mama. Akiona faida hatahitaji faini. Faini huku tulishazijaribu.

Na kila gesti mpya, kabla ya kutia vigae, ifunge mifereji kwenye bati na tangi chini yake. Mpwa wangu anayetembeza watalii alinipigia hesabu: paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 10 tu, ni lita 2,000. Shuka moja, kulifua na kulisuuza mara mbili, nalimaliza kwa lita 20. Hayo ni mashuka 100 kwa mvua ya mchana mmoja wa masika, na maji yote hayo sasa hivi yanamwagika barabarani na kuchimba makorongo hadi mlangoni kwa watu.

Mwandishi wenu akipanda tena asiishie Irente. Aje uani nyuma ya gesti, saa mbili asubuhi, nimwonyeshe lile jiwe. Jina langu nimeliandika kwenye karatasi ya pili kwa ajili yenu ofisini. Naomba msilichape, kwa sababu kesho nina vitanda 14 na mwenye gesti naye husoma gazeti lenu.

Dobi,
Lushoto, Tanga