Mjomba, zile vali usizitupe

Shikamoo mjomba,

Mama kaniambia unasafisha stoo, na lile kopo la biskuti lenye vali za redio, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za zamani, liko kwenye mzigo wa kutupwa. Tafadhali litoe. Nakuandikia hadharani kwa makusudi, kwa sababu nimesoma habari za mtu wa simu mwenzako na nataka wengine nao wamjue.

Anaitwa Tommy Flowers. Alizaliwa 1905 huko Poplar, mashariki mwa London, mtoto wa fundi mwashi. Alianza kama mwanagenzi wa ufundi mitambo, jioni akasomea uhandisi wa umeme, na mwaka 1926 akaingia Posta, maana kwao pia wakati huo simu zilikuwa chini ya Posta.

Vita vikaja. Pale Bletchley Park, kituo cha siri cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa adui, wataalamu wa hesabu walikuwa wakihangaika na ujumbe wa makamanda wa Hitler, uliofichwa kwa Lorenz, mashine ya Wajerumani ya kugeuza maandishi kuwa fumbo. Mtambo wao ulisoma kanda mbili za karatasi kwa mpigo mmoja. Zikienda kasi, zinavutika, zinapishana, zinakatika. Flowers akasema kanda moja iondolewe, kazi yake ifanywe na vali. Vali zaidi ya 1,500! Hawakumwamini, kwani vali zilijulikana kwa kuungua. Lakini yeye alikuwa amezitumia miaka kwenye mitambo ya simu, na alijua kinachoziua ni washa-zima. Ziwashe, uziache ziwake.

Hapo niliweka simu chini, mjomba. Nilikumbuka ulivyonipiga kofi la mkono nilipokuwa nachezea swichi ya redio yako. "Washa mara moja, iache!" Nilidhani ni ukali tu.

Alirudi Dollis Hill, kwenye karakana ya Posta, akaujenga na vijana wake, sehemu kwa fedha zake mwenyewe. Januari 1944 mtambo huo, ulioitwa Colossus, ukafikishwa Bletchley, ukasoma herufi 5,000 kwa sekunde. Wa pili, wenye vali 2,400, ulianza kazi Juni 1, siku tano kabla ya majeshi ya Uingereza na washirika wake kutua Normandy, Ufaransa.

Vita vilipokwisha aliamriwa ateketeze michoro. Akaitia kwenye tanuri kwa mkono wake. Akapewa pauni 1,000, ambazo hazikufikia alizotoa mfukoni, na bado akagawana na wenzake. Baadaye aliomba mkopo benki ajenge mashine ya aina hiyo. Akanyimwa, eti haiwezi kufanya kazi. Naye, kwa kuwa alikuwa amefungwa na kiapo cha siri, hakuweza kusema, "Nimekwisha kuijenga." Hilo limeniuma kuliko yote. Alikaa kimya hadi miaka ya 1970. Nyumbani walijua tu kwamba alifanya kazi ya siri.

Wewe hakuna aliyekuapisha, mjomba, lakini hatujui kazi yako zaidi ya familia yake ilivyojua yake. Tulijua gari likipiga honi usiku wa mvua utarudi alfajiri, viatu vimejaa tope, na kesho yake simu za mji mzima zinalia. Ulifanya nini huko? Ulipostaafu ukapewa saa ya ukutani, na hakuna aliyekuuliza kitu.

Jumamosi nakuja na daftari. Tuanze na ile vali yenye alama nyekundu, uliyokuwa ukiiweka peke yake ndani ya pamba.