Hiyo mbegu ya Kisumu iache huko

Omera,

Habari ya Kisumu na hilo joto lenu? Meseji yako nimeisoma, ati umekodi shamba huku Molo na unataka kuja na ile mbegu yenu ya mahindi ya miezi minne ndio uvune mara mbili kwa mwaka. Hebu ngoja kwanza.

Mahindi hufuata joto, kalenda hayaijui. Baridi ikishuka chini ya digrii 10 hivi mmea unasimama tu, na huku Julai na Agosti usiku ni kutetemeka. Kisumu mko kama mita 1,100, sisi tumepita 2,400, sasa hiyo ya miezi minne itakawia shambani na bado ikupe hindi dogo, maana mbegu za haraka huwa na majani machache, na majani ndiyo yanapikia punje.

Huku ni zile mbegu ambazo namba yake huanza na sita, za kukaa shambani muda mrefu, na hata hizo Molo ni kama mwisho wa uwezo wao, unapanda Machi ama Aprili unavuna Novemba, Disemba. H614 wazee hawaiachi, iko sokoni tangu 1986. H6213 ilikuja 2002 na kwangu inaipita kidogo kwa magunia, mahindi makubwa, lakini 614 naona punje yake ni ngumu, osama, yule dumuzi wa stoo, anasumbuka kuitoboa, na mimi huweka chakula ya mwaka mzima kwa stoo kwa hivyo hilo kwangu ni kubwa kuliko gunia mbili za juu. Zote ni ndefu, upepo ukija zinalala, ila ng'ombe wanashukuru mabua.

Na mtu akikuambia ametoa magunia mangapi kwa ekari, muulize yalikuwa makavu? Gunia la kilo 90 likiwa na maji asilimia 20, ukianika hadi 13.5 ile NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, wanataka, linabaki kilo 83 hivi. Huku baridi haikaushi, kwa hivyo wengi huhesabu mahindi mabichi halafu wanajigamba hotelini.

Hiyo pesa ya haraka unatafuta, weka nusu shamba viazi, miezi mitatu minne unachimba. Mahindi acha yachukue mwaka wake.

Sasa niambie, shamba liko bondeni ama juu? Bondeni barafu ya asubuhi huchoma miche, na kama ni huko nitakuambia usubiri kidogo kabla ya kununua chochote.

Salimia mama watoto.