Mihadhara ya bure mtandaoni ihifadhiwe vyuoni na ifundishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mihadhara ya vyuo vikuu inayotolewa bure mtandaoni, hasa namna sisi walimu tunavyoitumia. Siku hizi imekuwa kawaida mwalimu kutuma linki kwenye kundi la WhatsApp la darasa, akaandika "tazameni hii", kisha kipindi kikahesabiwa kuwa kimefundishwa. Mwanafunzi mwenye bando ataifungua, na asiye nalo atasubiri kusimuliwa na mwenzake. Kufanya hivyo ni kumtwisha mwanafunzi kazi ya mwalimu pamoja na gharama yake.

Hazina yenyewe ni kubwa. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka mtandaoni, bila malipo, vifaa vya kufundishia vya kozi zake, na leo mradi huo wa OpenCourseWare una kozi zaidi ya 2,500, ingawa si zote zenye video. India nayo ina NPTEL, programu ya mihadhara ya bure mtandaoni iliyoanzishwa na vyuo vya teknolojia vya IIT pamoja na Taasisi ya Sayansi ya Bangalore, ambayo mihadhara yake ya uhandisi inawafaa sana vijana wa vyuo vyetu vya ufundi.

Nichukue mfano ninaoufahamu vizuri. Mhadhara wa kwanza wa Profesa Gilbert Strang katika kozi ya aljebra ya mstari, uliorekodiwa MIT mwaka 1999, unaanza na milinganyo miwili tu: 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuitatua. Hapo ndipo mwalimu anapaswa kusimamisha video, agawe karatasi za grafu, wanafunzi wachore mistari yote miwili na waone wenyewe kwamba inakutana pale x ni 1 na y ni 2. Video ikiendelea, Strang anaitazama milinganyo ileile kwa safu wima, yaani namba za x pamoja na namba za y pamoja: vekta (2, −1) na vekta (−1, 2), ambazo huchorwa kama mishale kwenye grafu, kisha anauliza tuchukue kiasi gani cha kila moja ili tufike (0, 3). Mwalimu asimamishe tena. Darasa likishachora mishale hiyo, mjadala utawaka, na utawaka kwa Kiswahili hata kama mhadhara ni wa Kiingereza, kwa sababu hapo kila mmoja anatetea mchoro wake. Mhadhara wa dakika arobaini unaweza kuchukua vipindi viwili, na sioni hasara yoyote katika hilo. Mwanafunzi aliyeutazama peke yake kwenye simu bila kushika kalamu mara nyingi hudhani ameelewa, hadi akutane na swali kwenye mtihani.

Kuhusu gharama, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba leseni ya MIT inaruhusu kunakili, kugawa na hata kutafsiri vifaa hivyo, mradi chanzo kitajwe, visitumiwe kibiashara, na tafsiri itolewe kwa masharti hayohayo. Kwa hiyo chuo kinaweza kupakua kozi nzima mara moja, usiku mtandao unapokuwa mwepesi, na kuiweka kwenye seva ya ndani, yaani kompyuta ya chuo ya kuhifadhia mafaili, ambayo wanafunzi wataifikia bila kutumia bando. Shule isiyo na seva itatosheka na diski moja, projekta, na flashi za wanafunzi wenyewe. MIT yenyewe imewahi kuvipatia vyuo vya Afrika vyenye mtandao dhaifu nakala nzima za tovuti yake, kwa hiyo utaratibu huu si mgeni.

Ninaviomba vyuo vyetu, pamoja na Bodi ya Huduma za Maktaba inayosimamia maktaba za mikoa, vianze kuhifadhi nakala hizi na kuziorodhesha kama vitabu vinavyoorodheshwa, kwa somo na kwa mada za muhtasari wetu, ili mwalimu anayetafuta matriki asipoteze jioni nzima akipekua. Wakuu wa idara nao wahesabu muda wa kuchagua mhadhara, kuutazama hadi mwisho na kuandaa maswali yake kuwa sehemu ya maandalizi ya somo, kwa kuwa mwalimu asiyepewa muda huo atarudi kutuma linki.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro