Fedha za wakimbizi zisiishie kwenye unga

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa wakimbizi ukizuka, sisi wa Nyanda za Juu Kusini hukaa pembeni tukidhani ni shauri la Kigoma. Watu wa Ifunda hatuwezi kusema hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliopitia Urusi na Uajemi waliwekwa hapa Ifunda, wengine Kidugala kule Njombe, na makaburi yao tunayo. Gharama zao zilibebwa kwanza na serikali yao iliyokuwa uhamishoni London. Uingereza ilipoacha kuitambua serikali hiyo mwaka 1945, mashirika ya kimataifa yakachukua mzigo, hatimaye wengi wakapata makao Uingereza, Australia na Kanada, na kambi zikafungwa.

Sasa tazama Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Ilifunguliwa 1996, aliyezaliwa humo siku zile leo ana watoto wake humo humo. Sheria inamzuia kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo anaishi kwa mgawo, na mgawo nao Shirika la Mpango wa Chakula liliushusha hadi nusu ya kiwango kamili mwaka 2023 kwa kukosa michango. Mlango mwingine ulikuwa Marekani, ambako hazina ya nchi hiyo ilimlipia mkimbizi pango na mahitaji ya miezi ya mwanzo. Wakongomani wengi walipita hapo. Januari 20, 2025 Rais Trump akausimamisha mpango huo, na kiwango cha watu 125,000 kilichopangwa kwa mwaka ule kikashushwa hadi 7,500 kwa mwaka uliofuata. Mkimbizi aliyeko Kasulu hakutenda kosa lolote.

Ninalotaka kulisema hasa ni hili: fedha hizi zote humfuata mtu akiwa mkimbizi tu. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mauaji ya 1972 na watoto wao, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Uamuzi wa heshima kubwa, ambao nchi chache zimethubutu. Awali walitakiwa kutawanywa mikoani. Mpango ukasimama, wakaachwa kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Lakini tangu siku mtu anapopata cheti, mfadhili wa wakimbizi hana tena sababu ya kumjengea darasa. Halmashauri inapokea raia wapya, shule zilizochakaa na barabara za vumbi, bila fungu la ziada.

Najua jibu la Serikali. Mwaka 2018 ilijitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi ikitaja usalama na ukosefu wa fedha, na ikalalamika kutakiwa kukopa kwa ajili ya wageni. Kwenye mkopo naiunga mkono bila kusita. Ila kukataa mkopo hakutuzuii kuwa na fungu letu, hata dogo, kwa ajili ya makazi hayo na vijiji jirani, zahanati ikijengwa itibu wote. (Jirani akiona dawa zinaishia upande wa pili wa uzio, msimlaumu akinuna.)

Wabunge wetu wa Iringa, Njombe na Mbeya waisome bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa jicho hilo, kisha wamuulize Waziri: katika fedha za wakimbizi, zetu ni kiasi gani, na baada ya uraia zinakwenda wapi?

Mwalimu mstaafu,
Ifunda, Iringa