Mwanangu, beba tochi mbili

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nimesikia Jumamosi mnakwenda Marafa kuteremka bonde la Nyari jioni, jua linapoyatia yale magenge wekundu. Wakati mzuri huo, ila jueni huku kwetu karibu na ikweta magharibi haina subira. Jua likishatua una kama dakika 20 tu, kisha huoni unapokanyaga, na kule bondeni kuta huziba mwanga mapema zaidi.

Beba tochi mbili. Tochi moja na mawe ya betri ya akiba haitoshi, maana kubadilisha mawe kwenyewe kunataka mwanga, na jiwe likikuponyoka gizani kwenye mchanga ndiyo basi. Moja iwe ya kuvaa kichwani, mikono ibaki huru kushika mwamba. Ya pili iwe ndogo ya mkononi, inayotumia mawe ya saizi ileile, ili moja ikivunjika mawe yake yaifae mwenzake. Simu usiihesabu kuwa tochi. Chaji yake iweke ya kupiga.

Mkiwa mnatembea, ile ya mkononi ishike usawa wa kiuno. Mwanga ukipita chini, shimo na jiwe hutoa kivuli, ukajua kina chake. Wa kichwani hutoka karibu na macho, vivuli hujificha, njia ikaonekana tambarare kumbe sivyo.

Sasa chumvi, mama. Tochi nyingi za huku pwani huharibikia kabatini. Hewa ya bahari hula springi, na mawe ya alkali yakisahaulika ndani kwa miezi huvuja, yakaacha unga mweupe. Zifungue leo, usingoje Ijumaa. Ukiukuta unga huo usiuguse kwa mkono mtupu, unachoma. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua mpaka uishe, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache pakauke kabisa. Springi yenye kutu ipitishie msasa laini mpaka ing'ae. Kisha tia mawe mapya yote kwa pamoja. Usichanganye jipya na kuukuu: lile dhaifu huisha mapema, mengine yakaendelea kulisukuma, na hilo ndilo litakalovuja.

Kuna jambo watu hulisahau. Swichi hubonyezwa na vitu ndani ya begi, tochi ikawaka mchana kutwa bila mtu kujua. Kata kipande cha karatasi ngumu, upana wa kidole, ukipachike baina ya jiwe na springi, ncha moja uiache nje. Mkifika juu ya genge, jua lingalipo, kivute, uziwashe zote mbili uhakikishe, ya kichwani uivae, ya pili uitie mfukoni mwa nguo uliyovaa. Begi linaweza kubebwa na mwenzio.

Mkikwama, msitangetange. Ombeni msaada kwa tochi: mulika mara 6 kwa dakika moja, pumzika dakika, rudia.

Nitumie ujumbe mkishapanda juu.

Mamako